Mkojo wa Msabato

Mimi ni mtu wa mitumba, na mtu wa mitumba haamini kitu mpaka akigeuze ndani nje. Nauza nguo za watoto pale Soko la Toi. Ukiniletea shati, kwanza nalikung'uta, kisha nageuza mifuko, kisha navuta mshono nione kama unanidanganya. Watu nao naishi nao hivyo hivyo. Mume wangu Nashon husema siku malaika akija kunichukua nitamuuliza kwanza ametumwa na nani. Na kweli nitamuuliza.

Kwa hivyo alipoingia nyumbani jioni ile na chupa tatu tupu ndani ya mfuko, meno yote nje, nilijua kuna kitu.

“Mama Mitchelle, leo nakuomba kitu kidogo sana.”

“Vile vidogo sana ndivyo vibaya. Sema.”

Aliyesema ni Shivachi, aliyekuwa amesimama mlangoni nyuma yake, na nyuma ya Shivachi alikuwa Billy. Hao watatu walifanya kazi pamoja katika yadi ya vyuma kuukuu ya Mzee Muia, huko Kawangware. Nashon na Shivachi walibeba na kupanga, Billy alikata kwa grinda. Bibi ya Shivachi yuko ushago, kijijini kwao, Billy hajaoa, basi chakula cha jioni walikula kwangu pale Mashimoni, Kibera, na ovaroli zao nilifua mimi pamoja na ya mume wangu. Nilifua kila Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato na siku hiyo sigusi hata sufuria.

“Shem,” Shivachi akaanza, macho chini. “Muia anataka mkojo. Kila mtu ajaze chupa yake. Eti atakayepatikana nayo, huyo aende nyumbani.”

“Atakayepatikana na nini?”

Wakaangaliana. Billy akakuna kichwa. “Si ni pombe, shem? Kwani mkojo unapimwa nini ingine?”

Ala! Hapo nikaelewa yale meno. Kwenye godauni jirani na yao kulikuwa na dereva aliyepimwa mkojo hivyo hivyo, akapatikana na harufu ya jana, akafutwa mchana huo huo. Na hawa wangu watatu hakuna aliyekuwa akipita kilabu bila kusalimia. Nashon alizaliwa Msabato kama mimi, lakini tangu ajuane na bia ya keg, kanisa analionea mbali.

“Sasa mimi naingiaje?”

“Wewe hunywi pombe,” Nashon akasema, kwa heshima ambayo sikuwa nimeisikia tangu anitongoze. “Kahawa hunywi. Hata majani ya chai hunywi. Kamongo, samaki asiye na magamba, huli. Mama Mitchelle, hakuna mkojo safi kama wako Kibera nzima.”

Haki ya Mungu nilicheka mpaka Mitchelle, aliyekuwa akinyonya, akaachilia titi akaniangalia. Kisha nikawatukana mmoja mmoja. Niliwaambia ni aibu watu wazima na ndevu zao kuomba mama wa mtoto mkojo. Niliwaambia Mungu anaona. Wakangoja nimalize, kwa sababu walinijua. Walijua pia kwamba Nashon akifutwa, sisi ndio tutakaolala njaa.

Siku iliyofuata nikanywa uji na maji mpaka tumbo likawa linachezacheza maji nikitembea. Nilijaza jagi, nikagawa kwa chupa tatu, nikafunga vifuniko. Billy akaandika majina. Alipobeba mfuko akauinua juu, akasema, “Huu unaitwa mkojo wa Msabato,” na jina likashika.

Majibu yalipokuja, Nashon aliingia nyumbani akiimba.

“Tuko safi! Wote watatu!”

“Mlitaka nini? Si ni mimi.”

“Muia alisoma mbele ya kila mtu. Hakuna hata chembe ya mionzi.”

Nilikuwa nasonga ugali. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. “Hakuna chembe ya nini?”

“Mionzi. Redieshoni. Ile kitu kama ya eksirei.” Alikuwa anavua viatu, hana habari. “Kumbe haikuwa pombe. Sisi tulikuwa tunajisumbua bure.”

“Nashon. Mionzi imefikaje kwa vyuma kuukuu?”

“Aa, safi ni safi.”

“Safi ni mimi! Wewe hujapimwa!”

Ilimchukua muda. Nilimwona uso ukibadilika polepole, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Kisha akaketi, akanieleza mambo ambayo angenieleza kitambo kama angekuwa na akili. Muia alikuwa amenunua mashine kuukuu kutoka kiwanda fulani cha karatasi kilichofungwa, mashine ya kupimia unene wa karatasi. Ndani kulikuwa na sanduku la risasi, ile risasi nzito ya bei nzuri, na Billy akalipasua kwa grinda. Katikati ya risasi kulikuwa na kidude chembamba saizi ya kifuniko cha soda. Billy akakipitisha grinda nacho, kikatoa unga. Wakaufagia na mikono. Baadaye lori ilipopeleka mzigo kwa kiwanda cha kuyeyusha chuma, king'ora cha langoni kikalia na lori ikarudishwa. Muia akawaambia ilikuwa imezidisha uzito.

“Na nyinyi mkaamini.”

“Tungeshuku nini?”

Huyo ndiye mtu niliyeolewa naye. Nilitaka kumpiga na mwiko na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Niliogopa. Nilimwambia aende kwa Muia akapimwe tena, mkojo wake mwenyewe.

“Nimwambie nini? Kwamba nilipeleka mkojo wa bibi? Ananifuta hapo hapo, na Shivachi, na Billy. Na mimi sioni kama ni mgonjwa. Naonekana mgonjwa?”

Tangu siku hiyo nikaanza kumchunguza mume wangu kama nguo yenye doa. Asubuhi namwambia atoe ulimi. Akichana nywele, naokota kitana nihesabu zilizobaki. Akikohoa, nasimama. Akikataa chakula namshuku, akimaliza namshuku zaidi. Siku moja akalipuka. “Aki Mama Mitchelle, utaniua wewe kabla ya hiyo mionzi!” Mimi nikamjibu kwamba afadhali afe akijua nilimtafutia dawa.

Na wale waliopima, niliwashuku pia. Ni akina nani hao waliochukua mkojo mmoja ndani ya chupa tatu, wakaurudisha kama wanaume watatu tofauti, na hawakuona kitu? Mtu ambaye hajui kutofautisha mkojo wa mwanamke anayenyonyesha na wa Shivachi anayekunywa chang'aa, huyo amepima nini? Nikaona wote wamekula njama na Muia.

Basi nikamfunga Mitchelle mgongoni, nikaenda Kawangware kumwona Muia mwenyewe.

Nilimkuta langoni, ameketi kwa kiti chake cha plastiki, barabarani kabisa. Sasa, Mzee Muia nilikuwa namjua. Ni mtu wa kuketi katikati ya vyuma vyake, chupa ya chai karibu, akiangalia kila msumari usitoroke. Siku hiyo alikuwa nje na vumbi la magari linampiga. Nikachungulia ndani. Ile pembe ya kukatia ilikuwa imefunikwa turubai jipya, na mawe juu yake.

“Mzee, mbona umehama?”

“Natafuta kivuli.”

“Kivuli? Mzee, si uko juani kabisa?”

Akasogeza kofia. “Mama, umekuja kununua chuma?”

“Nimekuja kwa sababu ya mume wangu. Nataka apimwe tena.”

“Kwani haamini majibu?”

“Mimi ndiye siyaamini.”

Muia akacheka, lakini macho hayakucheka. “Hao waliopima ni wasomi. Walisema safi, basi ni safi. Ama uko na sababu?” Alinikazia macho. “Maana kama kuna mtu alifanya mchezo na zile chupa, huyo hana kazi hapa. Yeye na marafiki zake. Uko na kitu unataka kuniambia?”

Nilishuku ananishuku. Nyuma yake, katikati ya mabati, nikamwona Billy amesimama ananitikisia kichwa, hapana, hapana, hapana. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikayameza.

“Niko na kitu gani, Mzee? Mimi ni mama tu.”

Nilirudi Mashimoni bila lolote, ila ovaroli tatu ambazo Shivachi alinipa langoni nikafue. Jumapili nikazifua kwa hasira. Ovaroli ya mtu wa vyuma kuukuu hutii maji tu ukiwa umeikung'uta kwanza, kwa hivyo naishika mabegani, naichapa hewani, pa! pa! mpaka vumbi liishe. Naikung'utia ndani, mlango umefungwa, maana nje jirani ameanika zake na hataki vumbi la watu. Kisha nageuza mifuko na kuikwangua kwa vidole, kwa sababu huko ndiko uchafu hujificha. Mitchelle alikuwa kitandani anachekelea kila nikichapa. Nilichapa nikimtaja Muia kwa jina.

Siku chache baadaye Nashon akapigiwa simu. Kulikuwa na maabara nyingine, wanataka wale watatu waje, na Muia aje, wakutane kwenye zahanati moja karibu na yadi.

“Maabara nyingine gani?” nikauliza.

“Sijui.”

“Naenda na wewe.”

“Hukuitwa.”

“Niite wewe sasa.”

Tukaketi kwenye chumba kidogo chenye benchi mbili. Muia alikuwa na kiti chake peke yake. Mitchelle alikuwa mapajani mwangu ananyonya na kulala, ananyonya na kulala. Aliyetuita alikuwa dada mmoja anaitwa Audrey, mtaalamu wa ile maabara ya pili, nywele fupi, macho ya mtu aliyekosa usingizi. Nilimwangalia vizuri nione uongo wake uko wapi. Hakutabasamu, na hiyo nikaipenda.

Muia hakungoja salamu ziishe. “Madam, hawa si walipimwa wakapatikana safi?”

“Walipimwa na maabara ya kwanza,” Audrey akasema. “Lakini mikojo iligawanywa mara mbili, nusu kwao, nusu kwetu. Tulitaka kulinganisha njia zetu za kupima, tuone kama zinakubaliana.”

“Na zimekubaliana?”

“Hapana.”

Akatueleza polepole, na alikuwa anatuangalia sisi kwa benchi, si Muia. Maabara ya kwanza huweka chupa nzima ndani ya mashine, na mashine inanasa mionzi inayopenya ikatoka nje ya chupa. Ni njia ya haraka, na kuna uchafu mwingi inaushika vizuri sana. Lakini kuna uchafu ambao mionzi yake ni hafifu, inafia humo humo ndani ya mkojo kabla haijafika nje. Mashine ile haiwezi kuuona. Sisi, akasema, tunaukausha mkojo, tunachoma kinachobaki, tunachambua chumvi moja moja, halafu tunangoja, ndiyo tunapima. Ni kazi ndefu.

“Uchafu tuliokuwa tunatafuta unaitwa strontiamu. Ndio uliokuwa ndani ya ile mashine ya karatasi. Mwili unaudhani ni kalsiamu, ile ya maziwa, unaupeleka mpaka kwenye mifupa. Tumeupata.”

“Kwa nani?” Shivachi akauliza.

“Kwa wote watatu.”

Woi! Nikamshika Nashon mkono. Nilijua! Nilijua tangu mwanzo, nilikuwa nimesema! Nilitaka kumrukia Muia nimkabe hapo hapo. Nashon alikuwa ameganda, ananitazama mimi, na sikuelewa kwa nini ananitazama mimi.

“Lakini kuna shida,” Audrey akaendelea. “Namba zenu ni moja. Huyu alikata, hawa walibeba. Kila mtu ana mwili wake, na chakula chake, na maji yake. Hamuwezi kulingana hivi. Hata chumvi zingine za kawaida zinalingana. Nimerudia kazi yote. Labda mimi ndiye nilikosea, nikachanganya chupa moja na nyingine.”

“Basi umekosea!” Muia akadakia haraka. “Mtu hawezi kulaumiwa kwa makosa ya maabara. Tufuate ile ya kwanza. Madam, sema tu umekosea, watu waende kazini.”

“Nisipopata maelezo,” Audrey akasema, “itabidi nitupe majibu yangu. Yatabaki yale ya kwanza.”

Niliona jinsi Muia alivyojaza mapafu, kama mtu aliyeponea. Na mimi, hasira imenijaa, nilikuwa natafuta uongo uko upande gani, kwa Muia au kwa huyu dada. Namba moja. Kwa nini namba ni moja? Namba ni moja kwa sababu mkojo ni mmoja. Na mkojo ni mmoja kwa sababu ni...

Nashon akanikanyaga mguu. “Usimwage mtama hapa,” akasema chini kwa chini, bila kusogeza midomo. Alikuwa bado anawaza kazi. Maskini, hesabu yake ilikuwa haijafika mwisho. Yangu ilikuwa imefika. Wiki zote hizo nimeangalia ulimi wa mume wangu, na wangu sijauangalia hata mara moja.

“Ni wangu,” nikasema.

“Tunajua ni wako,” Muia akasema. “Ndiyo maana umekuja naye.”

“Simaanishi mume. Mkojo. Chupa zote tatu ni mkojo wangu. Walidhani mnapima pombe.”

Muia akaruka. “Nilijua! Nilijua hawa! Mmefutwa! Wote watatu, leo leo!” Shivachi akaficha uso kwa mikono. Lakini Audrey hakumsikiliza Muia. Alikuwa amegeuka ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa umebadilika.

“Mama, wewe unafanya kazi kwa hiyo yadi?”

“Hapana. Nauza nguo Toi.”

“Basi umefikaje karibu na ule unga?”

Nilichukua shali ya Mitchelle, nikaishika pembe mbili, nikaichapa hewani mara moja. Pa. “Nafua ovaroli zao. Kwanza naikung'uta, kisha nageuza mifuko.”

“Unakung'utia wapi?”

“Ndani ya nyumba. Nafunga mlango.”

Mguu wa Nashon ukatoka juu ya wangu. “Risper,” akasema. Tangu mtoto azaliwe alikuwa hajawahi kuniita hivyo, mimi ni Mama Mitchelle tu. Kwa benchi ile nyingine Billy akasema, “Kama shem aliyefua iko hivyo, je, mimi niliyekata?” Nikamwona Mzee Muia akikisukuma kiti chake nyuma, mbali nami, mpaka kikagonga ukuta.

Sikuwa na haja naye tena. Kulikuwa na neno moja ambalo dada yule alikuwa amelisema, na lilikuwa limenikwama.

“Daktari,” nikasema, ingawa sijui kama ni daktari. “Umesema mwili unaudhani ni ile ya maziwa?”

Audrey alimwangalia Mitchelle. Mtoto alikuwa ameamka, anavuta blauzi yangu, anatafuta titi. Aliangalia kile kimkono kwa muda mrefu. Mimi ambaye siamini mtu, siku hiyo nilitaka anidanganye. Nilikuwa tayari kuamini chochote.

“Tutampima na yeye,” akasema. “Kuanzia leo hii. Lakini kwa sasa, mama, usimnyonyeshe.”

Mitchelle akaanza kulia. Nashon akanyoosha mikono amchukue, na mtoto akamkataa, akajirusha kwangu, mdomo wazi. Nikafunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja mpaka shingoni, yeye akiniangalia.